Shaka Jukwaani: Mchezo wa Mahakama na Vikundi vya Ridhaa vya Dodoma

Mchezo wa mahakama ni aina ya tamthilia ambayo kitendo chake kikuu ni kusikilizwa kwa shauri, yaani mgogoro uliofikishwa mbele ya chombo chenye mamlaka ya kuamua, na ambayo wahusika wake hawapigani wala hawakimbizani bali hushindana kwa maneno yaliyopangiwa zamu. Aina hii hupendwa sana na vikundi vya ridhaa, yaani vile ambavyo wanachama wake wana shughuli nyingine za kuwapatia riziki na huigiza jioni au mwisho wa juma bila kutegemea ujira, kwa kuwa haihitaji mandhari ya gharama: meza moja, viti vichache, kizimba ambacho fundi seremala wa mtaani anaweza kukiunga kwa siku moja, na mavazi ambayo sehemu kubwa yake yamo tayari makabatini. Hata hivyo, urahisi huo ni wa vifaa tu, kwa sababu mchezo wa mahakama humdai mwigizaji jambo gumu kuliko kulia au kuchekesha, nalo ni kumfanya mtazamaji asijue nani ana haki mpaka neno la mwisho litamkwe.

Mazungumzo haya yanaitazama aina hiyo ya mchezo kwa macho ya Dodoma na nyanda za kati za Tanzania, ambako mazingira ya kuistawisha yapo kwa wingi. Dodoma ni mji wa Bunge, na Ikulu iko Chamwino. Jengo la makao makuu ya Mahakama ya Tanzania lilizinduliwa humo Aprili 2025. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha St John's kikaanza katika majengo yaliyokuwa ya Shule ya Sekondari Mazengo, iliyobeba jina la mtemi mashuhuri wa Wagogo. Mji wa namna hiyo hauna upungufu wa watumishi wa umma, wanafunzi wa sheria, walimu na wanakwaya, ambao ndio watu wanaojaza vikundi vya ridhaa popote duniani. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kikundi cha Dodoma kinachotaka kuigiza mahakama hakina haja ya kuazima mahakama ya filamu za ng'ambo, kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo ni ngazi ya chini kabisa ya utoaji haki nchini, ina ndani yake mvutano mkubwa kuliko ukumbi wowote wa majaji wenye majoho, ilimradi kikundi hicho kikubali kuiacha shaka ifanye kazi yake.

Kabla ya kufika huko ni vyema kuangalia urithi ambao mwigizaji wa Dodoma anaingia nao jukwaani, hata kama hajawahi kuutafakari. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, mtu aliyefundisha shule kisha akahudumu katika mahakama, ndiye anayetajwa zaidi kuhusiana na ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana yanayoghaniwa na watu wawili au zaidi mbele ya hadhira kwa ishara na miondoko ya maigizo. Ngonjera zake zilizotolewa kwa jina la UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi alichokiongoza, zilienea mashuleni baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na kizazi kizima cha Watanzania kilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza kikiwa kimekariri upande mmoja wa mabishano hayo. Mtu akizisikiliza ngonjera kwa sikio la mwanasheria atatambua mara moja umbo la shauri, kwa maana upande mmoja unadai, upande wa pili unajibu, hoja inavunjwa kwa hoja, na mwishowe panakuwa na uamuzi.

Lakini ngonjera na mahakama zinaachana katika jambo moja kubwa. Katika ngonjera nyingi za enzi ile, msemaji mmoja alikuwa amepotoka tangu ubeti wa kwanza, na kazi ya mwenzake ilikuwa kumwelimisha mpaka akiri na kushukuru, hivyo mtazamaji hakungoja kujua nani atashinda bali alifuatilia jinsi ushindi huo ulivyopambwa kwa vina na mizani. Mahakamani hali ni kinyume, kwa kuwa sheria inamtaka mwamuzi aanze bila kujua, na mtu anayeshtakiwa kwa jinai huhesabiwa kuwa hana hatia hadi upande wa mashtaka uthibitishe kosa pasipo kuacha shaka ya maana. Kwa hiyo kikundi kinachoandika mchezo wa mahakama kwa mazoea ya ngonjera hujikuta kimeandika somo la uraia lililovishwa joho: mume mlevi anaonekana mwovu tangu anapoingia, shahidi wa uongo anatetemeka kabla hajaulizwa chochote, na hukumu inaposomwa hakuna hata mtu mmoja ukumbini aliyekuwa na wasiwasi nayo. Mazoea hayo yaliimarishwa zaidi na maigizo ya kutoa ujumbe ambayo taasisi za afya, mazingira na haki za binadamu zimekuwa zikiyagharimia kwa miaka mingi, ambamo mgharimiaji hutaka kujua mapema ujumbe ni upi, na kwa namna hiyo hukumu huandikwa kabla ya ushahidi.

Katika maktaba ya Kiswahili yapo maandishi mawili yanayofaa kusomwa na kila kikundi kinachokusudia kuigiza mahakama, kwa kuwa kila moja linaonyesha njia yake ya kutoka katika mtego huo. La kwanza ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare iliyochapishwa mwaka 1969, ambayo tendo lake la nne lina mandhari ya mahakama maarufu kuliko yote katika fasihi ya dunia. Shylock, mkopeshaji aliyekuwa akidharauliwa na kutemewa mate kwa Uyahudi wake, anadai ratili ya nyama ya mwili wa Antonio kwa mujibu wa hati ya deni la dukati elfu tatu, na Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anaikubali hati hiyo neno kwa neno mpaka anapoonyesha kwamba hati inatoa nyama bila kutoa hata tone la damu.

Kikundi chepesi humwigiza Shylock kama zimwi na Portia kama malaika, na watazamaji hupiga makofi. Lakini kikundi kinachosoma kwa makini hugundua kwamba shauri lile limejaa kasoro ambazo hakimu yeyote wa Dodoma angezitambua. Portia ni mke wa Bassanio, ambaye ndiye aliyefaidika na mkopo huo, kwa hiyo ana masilahi katika shauri na ilimpasa kujitoa, kama inavyomlazimu mwamuzi yeyote mwenye uhusiano na upande mmojawapo. Shylock hana wakili wa kumsaidia, na zaidi ya hayo, yeye aliyefika kama mdai wa haki ya madai anaondoka kama mtu aliyetiwa hatiani kwa jinai, akiwa amenyang'anywa mali na kulazimishwa kubadili dini, bila ya kusomewa mashtaka yoyote wala kupewa nafasi ya kujitetea. Mwigizaji akiyabeba hayo yote katika sauti yake, makofi yanapungua na mtazamaji anatoka akiwa na swali, nalo swali hilo ndilo linaloifanya kazi iwe mchezo wa mahakama badala ya kisa cha mjanja aliyemshinda mkorofi.

Andiko la pili ni tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Nairobi mwaka 1976 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Kesi yenyewe ilisikilizwa Nyeri Novemba 1956 mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, na Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Waandishi hao wawili hawakutaka kurudia kumbukumbu za mahakama, bali walimfanya mshtakiwa akatae kujibu shtaka kwa hoja kwamba sheria iliyotungwa na mkoloni bila ridhaa ya watu haina mamlaka juu yao, na kwa kufanya hivyo wakaigeuza mahakama yenyewe kuwa mshtakiwa. Jambo linalopitwa haraka na wasomaji wengi ni kwamba katika kesi halisi ya Nyeri walikuwapo washauri watatu wa Kiafrika walioketi pamoja na jaji na kutoa maoni yao, wakati neno la mwisho lilibaki la jaji peke yake. Utaratibu huo wa washauri, unaozungumza mengi kuhusu nani anaaminiwa kuamua na nani anaombwa maoni tu, unalirudisha suala hili moja kwa moja Tanzania.

Hapa panahitaji ufafanuzi, kwa sababu ndipo vikundi vingi vinapoteleza. Filamu na tamthilia za Marekani zimeisambaza duniani picha ya jopo la raia kumi na wawili ambao ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, na wakili wa kwenye filamu hizo huwahutubia wao, akizunguka mbele yao na kupandisha sauti. Mchezo wa Reginald Rose kuhusu watu kumi na wawili waliofungiwa chumba kimoja, ulioanza kama mchezo wa televisheni mwaka 1954 na kuwa filamu mwaka 1957, umesimama wote juu ya utaratibu huo. Tanzania haina jopo la namna hiyo. Kikundi kinachomtembeza wakili mbele ya viti kumi na viwili vya jopo kinaigiza Chicago huku kikidai ni Dodoma, na vivyo hivyo kinapompa jaji nyundo ya mbao ya kugonga mezani, kwa kuwa hata Uingereza, ambako utaratibu wa mahakama za Tanzania ulichipukia, majaji hawagongi nyundo.

Mahali pa jopo, Tanzania ilikuwa na washauri wa mahakama, ambao wananchi wamezoea kuwaita wazee wa baraza. Katika Mahakama Kuu, kesi za jinai kwa muda mrefu zilisikilizwa na jaji akiwa na washauri wasiopungua wawili, ambao maoni yao hayakumfunga, na marekebisho ya sheria ya miaka ya karibuni yamefanya kuketi nao kuwa jambo la hiari. Katika Mahakama ya Mwanzo mambo yalikuwa tofauti kabisa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya mwaka 1984, ilizifuta mahakama za wenyeji zilizoachwa na ukoloni na kuziunganisha ngazi zote katika mfumo mmoja. Na chini ya sheria hiyo ya mwaka 1984 Mahakama ya Mwanzo iliketi ikiwa na hakimu mmoja pamoja na washauri wasiopungua wawili, na palipotokea tofauti kati yao, jambo liliamuliwa kwa wingi wa kura, iwe ni kuhusu dhamana, kuahirisha shauri, hatia ya mshtakiwa au kiasi cha adhabu. Kura zilipolingana, hakimu alipewa kura ya ziada ya kukata shauri. Ijapokuwa marekebisho ya karibuni yamepunguza ulazima wa kuketi na washauri hata katika ngazi hii, kwa miongo mingi sheria ya Tanzania iliruhusu jambo ambalo mwandishi wa tamthilia angetamani kulibuni mwenyewe: wazee wawili wa kijiji wasiosomea sheria kumshinda hakimu kwa kura na kumlazimu aandike hukumu asiyoiafiki.

Kwa anayefuatilia historia ya maonyesho, utaratibu huo una mwangwi wa mbali. Mwaka 458 kabla ya Kristo, Aeschylus wa Athens alionyesha tamthilia ambamo Orestes, aliyemuua mama yake ili kulipiza kisasi cha baba yake, anashtakiwa mbele ya baraza la raia, na kura zinapolingana mungu wa kike Athena anaamua kwa kura yake kwamba mshtakiwa aachiwe. Mahakama ilipopanda jukwaani miongoni mwa tamthilia za kale zaidi zilizosalia, ilipanda pamoja na kura na kwa kura zilizogawanyika, kwa sababu mgawanyiko ndio ushahidi kwamba shauri lilikuwa gumu kweli.

Ili hoja hii isibaki hewani, ichukuliwe kesi ya mfano ambayo kikundi cha Dodoma kinaweza kuijenga chenyewe. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya pili huangukia Agosti na Septemba, wakati ambapo nyasi za malisho zimekwisha kukauka na kijani kilichobaki machoni pa ng'ombe ni cha mashamba ya mizabibu. Mama mmoja mwenye shamba anamfungulia madai jirani yake mfugaji, akidai fidia ya mizabibu iliyoliwa na kukanyagwa usiku mmoja kabla ya mavuno, naye mfugaji anakana kwamba ng'ombe hao walikuwa wake. Hakuna mtu aliyeuawa, hakuna bunduki mezani, na mtu asiyeijua nchi anaweza kudhani kisa hicho ni chepesi. Lakini kila mtu ukumbini ana shamba au ana ng'ombe, au ana ndugu mwenye kimojawapo, na kwa hiyo kila mtu ana upande.

Karani anasoma madai, na wadaawa, yaani mdai na mdaiwa, wanasimama kila mmoja mahali pake. Kwa muda mrefu mawakili hawakuruhusiwa katika Mahakama ya Mwanzo, na ingawa mlango huo umelegezwa miaka ya karibuni, mchezo unapata nguvu zaidi pale wadaawa wanapojisemea na kuulizana maswali wenyewe kwa wenyewe. Kijana wa mfugaji, ambaye ndiye mchungaji, anaeleza kwamba ng'ombe walilala zizini usiku kucha. Mama anapopewa nafasi ya kumuuliza, hapandishi sauti wala hamwiti mwongo, bali anasema, "Mwanangu, alfajiri ile nani alifungua zizi?" Kijana anajibu kuwa ni yeye. "Uliwahesabu?" Kijana anamtazama baba yake, kisha anasema hakuwahesabu. Mtazamaji wa kwanza anayepumua kwa nguvu ukumbini anaonyesha kwamba shauri limeelemea upande wa mama, na mwandishi mvivu angeiandika hukumu papo hapo.

Hapo ndipo mzee wa baraza anapoingia. Yeye hana ujuzi wa vifungu, lakini anajua uzio wa miiba hutengenezwaje na huoza lini, naye anauliza kwa upole, "Mama, huo uzio wako mara ya mwisho uliuziba lini?" Mama anajibu, "Tangu kifuku, mzee," akimaanisha majira ya mvua, ambayo Dodoma huisha yapata Aprili. Jibu hilo la maneno matatu linaigeuza kesi nzima, kwa kuwa sasa hasara ipo na ng'ombe huenda ni wa mdaiwa, lakini mdai mwenyewe ameacha pengo wazi kwa miezi minne katika msimu ambao kila mkulima anajua ng'ombe watahangaika. Katika shauri la madai si lazima kuondoa shaka yote, bali huangaliwa ushahidi wa upande gani una uzito zaidi, na wakati huo uzito wenyewe unaanza kuyumba mbele ya macho ya watu. Hakimu anaona mama alipwe yote. Mzee wa kwanza anaona alipwe nusu. Mzee wa pili, ambaye katika kikundi chenye busara atakuwa mwanamke mwenye shamba lake mwenyewe, anaafikiana na mzee mwenzake, na hakimu anabaki peke yake na kalamu mkononi.

Kalamu hiyo inastahili kuzingatiwa zaidi na waongozaji wa michezo, kwa kuwa ndiyo inayotawala mwendo wa mahakama halisi. Katika mahakama nyingi hakimu ameandika ushahidi kwa mkono wake mwenyewe, neno baada ya neno, na ingawa mifumo ya kielektroniki ya kunakili sauti imeanza kuingia, mazoea ya kalamu yameacha alama katika namna watu wanavyozungumza kizimbani. Shahidi anayekimbiza maneno husimamishwa na kuombwa arudie. Mwenye kuuliza hungoja kalamu isimame kabla ya kutupa swali linalofuata. Na kimya kati ya swali na jibu huwa kirefu kuliko mwigizaji wa ridhaa anavyothubutu kukiacha. Waigizaji wasio na uzoefu huogopa kimya na hukijaza kwa kelele na machozi, ilhali mahakamani kimya ndicho kinachompa mtazamaji muda wa kupima jibu alilolisikia. Mwongozaji anayempa mwigizaji wa hakimu daftari halisi na kumwagiza aandike kweli kila kinachosemwa atagundua kwamba mwendo wa mchezo umejirekebisha bila maelekezo mengi.

Njia ya kujifunza mambo hayo iko wazi, kwa maana mahakama za Tanzania kwa kawaida huendesha mashauri hadharani na mwananchi anaweza kuingia na kusikiliza, isipokuwa katika mashauri yanayolindwa kwa faragha, kama yale ya watoto. Asubuhi chache kwenye benchi la nyuma zitamfundisha mwigizaji namna watu wanavyosimama hakimu anapoingia, jinsi shahidi anavyoshika kitabu cha dini yake wakati wa kiapo, na jinsi mtu mwenye hofu anavyojibu swali ambalo hakuulizwa. Wiki ya Sheria, inayofikia kilele mwanzoni mwa Februari kwa kuadhimisha mwaka mpya wa shughuli za Mahakama, huwaleta mahakimu na mawakili katika mabanda ya wazi ya kutoa elimu, na kikundi kinaweza kuutumia wakati huo kupeleka muswada wake ukasomwa na mtu mwenye taaluma. Kuna pia mipaka ya kuheshimiwa: shauri ambalo bado liko mahakamani halifai kuigizwa, kwa kuwa kulifanyia onyesho ni kuitangulia hukumu, majina ya wadaawa halisi wa kijijini hayapaswi kutumiwa hata shauri likiwa limekwisha, na maonyesho ya hadhara yanatawaliwa na sheria, ikiwemo ile ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, hivyo taratibu za kibali zinapaswa kuulizwa mapema kwa maofisa utamaduni badala ya kungojwa siku ya onyesho.

Lugha nayo imeacha kuwa kikwazo. Kwa miaka mingi shahidi wa Mahakama Kuu alizungumza Kiswahili na maneno yake yakaandikwa kwa Kiingereza, hata mtu akaweza kufungwa kwa hukumu asiyoweza kuisoma. Tarehe 1 Februari 2021, katika maadhimisho ya Siku ya Sheria yaliyofanyika Dodoma, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Na mwezi huohuo Bunge lililokutana mjini humo likapitisha marekebisho yanayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mahakama ya Mwanzo haikuhitaji kungoja mabadiliko hayo, kwa kuwa tangu zamani iliendesha mashauri na kuweka kumbukumbu zake kwa Kiswahili, na kwa hiyo mwandishi wa mchezo anakuta humo msamiati uliokwisha kupevuka kwa matumizi: kielelezo kwa kitu kinacholetwa kama ushahidi, tathmini kwa makadirio ya hasara yanayofanywa na bwana shamba, ushahidi wa kusikia kwa yale ambayo shahidi aliambiwa bila kuyaona. Maneno hayo yakitumiwa mahali pake, na kila moja likaeleweka kutokana na tendo linaloambatana nalo, mtazamaji hujifunza sheria bila kuhubiriwa.

Linabaki swali la nani atoe hukumu. Waandishi wa nchi mbalimbali wamejaribu kuwapa watazamaji kazi hiyo: Ayn Rand, katika mchezo ulioonyeshwa Broadway mwaka 1935, aliwachagua watu kutoka ukumbini kuwa jopo na akaandika miisho miwili, na Mjerumani Ferdinand von Schirach, mwaka 2015, aliwapigisha kura watazamaji wote kuhusu rubani wa kijeshi aliyeitungua ndege ya abiria iliyotekwa ili kuokoa maelfu waliokuwa uwanjani. Tanzania ina uzoefu wake unaokaribiana na huo, kwa sababu wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambako wanakijiji waliyachunguza matatizo yao kwa maigizo kisha wakayajadili baada ya onyesho. Kikundi cha Dodoma kinaweza kuunganisha njia hizo kwa kuwaita wazee wawili kutoka miongoni mwa watazamaji wakae pembeni ya hakimu tangu mwanzo, wasikilize, waulize maswali yao wenyewe na kupiga kura halali, jambo linalowalazimu waigizaji kuijua kesi kwa undani kiasi cha kujibu swali ambalo halimo katika muswada.

Ugumu wa njia hiyo ni mkubwa, na ndio thamani yake. Mwigizaji wa mfugaji hawezi tena kutegemea kwamba mchezo utamhurumia au utamhukumu, na lazima amtetee mtu wake kwa ukamilifu kila usiku. Mwigizaji wa mama hawezi kujiegemeza kwenye huruma ya ukumbi, kwa kuwa usiku mmoja huenda wakaketi wafugaji wawili. Na kikundi chote kinalazimika kufanya mazoezi ya hukumu zaidi ya moja, kila moja ikiwa na sababu zake, kwa maana hukumu isiyotoa sababu ni amri tu. Kwa mji ambao watu wake wanaishi karibu na vyombo vikuu vya dola na huzoea kusikia maamuzi yakitangazwa, kuona uamuzi ukitengenezwa polepole, kwa maswali ya watu wanaofanana nao, ni elimu ya uraia iliyo kamili kuliko ujumbe wowote uliokaririwa.

Mchezo kama huo una mwisho wake wa kisheria, nao hauhitaji pazia la haraka wala wimbo wa pongezi. Baada ya kusoma hukumu, hakimu huwaeleza wadaawa kwamba asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa katika Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na karani huliandika hilo katika kumbukumbu. Kikundi kinachoyatamka maneno hayo kwa uzito uleule kilioyatamkia madai ya mwanzo kinamkumbusha mtazamaji kwamba uamuzi wa watu watatu unaweza kukosea, kwamba sheria yenyewe imekiri hivyo kwa kuweka ngazi ya juu yake, na kwamba mfugaji na mama watarudi kijijini kuishi jirani wakati shauri likingali linaweza kufunguliwa upya.